Japani: kwa nini kiti cha pembeni yangu hubaki wazi hata treni ikijaa?

#1 MsukumaWaNagoya
Wakuu, salaam. Niko Nagoya kimasomo, huu ni mwaka wangu wa pili. Kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu, leo nalileta kwenu.

Asubuhi napanda treni ya chini ya ardhi, laini ya Higashiyama, saa ambazo watu wanabanana mpaka mlangoni. Nikipata kiti nikakaa, cha pembeni yangu kinabaki wazi. Mama mwenye mifuko mikononi anakiona, anatazama kando, anaendelea kusimama. Mwanafunzi naye hivyo hivyo. Kuna siku kinabaki wazi hadi nashuka.

Sasa wekeni na hili. Niliacha pochi kwenye kaunta ya duka. Kijana muuzaji akatoka mbio, akanifuata mpaka kwenye taa za barabarani, akanikabidhi kwa mikono miwili huku anainama na kuomba radhi, utadhani yeye ndiye aliyeisahau. Hela zote zimo.

Mtu wa namna hii kwa nini hataki bega lake liguse langu? Ni ubaguzi, ni aibu, au kuna utaratibu wao nisioujua? Naomba majibu ya waliokaa huko. Waliotazama video tu wasubiri kidogo.

#2 JogooLaNdondo
Ubaguzi huo mkuu. Usiutafutie jina laini.

#3 KipusaTanga
Jogoo, wewe umekaa Japani lini?

Mleta mada, mimi niko Tokyo kikazi na hicho kiti nakijua vizuri. Nilivyoona mimi, wengi wanaogopa utawasemesha Kiingereza. Wamekisoma miaka sita, sekondari ya chini na ya juu, lakini kwa kalamu na mitihani. Kukisema mbele za watu wakakosea, kwao ni fedheha kubwa. Shule za msingi zimekifanya somo kamili kwa darasa la tano na la sita mwaka 2020 tu, kwa hiyo hao watu wazima unaokutana nao kwenye treni hawakupata bahati hiyo.

Fanya hivi: toa kitabu cha Kijapani usome. Mimi nikishika kitabu changu cha kanji, zile herufi zao, wazee hukaa bila wasiwasi, na mmoja aliwahi kunisahihisha mwandiko mpaka akapitiliza kituo chake.

#4 MwanaMvita
Ndugu yangu Msukuma, uliza pia marashi. Sisi watu wa pwani hatutoki nyumbani bila kujifukiza udi, na Wajapani wana pua nyepesi. Ofisi ninayofanya kazi huku Yokohama ilitoa waraka kuhusu harufu: manukato makali, sigara, hata sabuni ya kufulia yenye harufu kali. Wanaichukulia kuwa ni kumsumbua mwenzio, sawa na kupiga kelele.

#5 MsukumaWaNagoya
@MwanaMvita sijipulizii chochote shehe, naoga na sabuni ya kawaida. @KipusaTanga hilo la kitabu nitalijaribu. Ila jiulize, kwa nini nibebe kitabu ili nionekane mtu wa kukaa naye?

#6 JogooLaNdondo
Hapo umemjibu vizuri kabisa.

#7 FundiGereji
Mimi nilikuwa Japani kwenye mnada wa magari, kazi ya kununua na kusafirisha kuja Dar na Mombasa, nikakaa muda wa kutosha kuwasoma.

Kwanza, angalieni treni tupu inavyojaa. Wanaanza viti vya pembezoni, pale penye chuma cha kuegemea. Kisha katikati. Kiti kilicho kati ya watu wawili ndicho cha mwisho, na wapo wanaosimama wasikikalie hata kama waliokaa ni Wajapani wenzao. Pili, mwili. Mimi nina kilo zangu, nikikaa nimekula na robo ya kiti cha jirani. Msukuma hujatuambia kimo chako.

Tatu, hilo la pochi usilichukulie kuwa ni upendo kwako binafsi. Ni malezi na ni sheria. Kitu kilichookotwa kinapelekwa kwenye kituo kidogo cha polisi cha mtaani, vipo kila kona. Mwenyewe akipatikana, aliyeokota ana haki ya kudai asilimia 5 hadi 20 ya thamani. Miezi mitatu ikipita bila mwenyewe, vitu vingi vinakuwa mali ya aliyeokota. Mtoto wa chekechea akiokota sarafu anapelekwa na mama yake kituoni, askari anaandika kwa heshima zote. Umekulia humo, utamkimbilia mtu yeyote na pochi yake, awe mweusi au kijani.

#8 KipusaTanga
Fundi, la kiti cha kati nakubali. La mwili hapana. Mimi ni mwembamba na kimo changu ni cha mwanamke wa kawaida wa Kijapani, na bado kiti kinabaki.

#9 Mama Hana
Habari zenu wanangu. Mimi nimeolewa huku, naishi Chiba, nimekuja wengi wenu mkiwa shule za msingi. Nimesoma yote na naona mnachanganya mambo mawili.

Kuna ukarimu wa kumpokea mgeni, na kuna kumkubali mtu awe jirani. La kwanza Mjapani analifanya kuliko mataifa mengi niliyoyaona. Ukipotea njia anakupeleka mpaka mlangoni hata kama anachelewa. La pili ni kazi ngumu. Tulipotafuta nyumba, mimi na mume wangu ambaye ni Mjapani, dalali alikuwa anawapigia wenye nyumba simu mbele yetu. Anaanza kwa sauti nzuri, akifika "mke ni raia wa kigeni" anashusha sauti, anaongeza haraka "lakini Kijapani anakijua". Halafu anasikiliza. Halafu anainama kwenye simu, anakata, anatuambia samahani, nyumba imeshachukuliwa. Siku nzima ilikwenda hivyo.

Hatukuwa peke yetu. Wizara ya Sheria yao ilifanya uchunguzi kwa wageni, matokeo yakatoka 2017. Katika waliotafuta nyumba kwa miaka mitano ya nyuma, asilimia 39.3 walisema waliwahi kukataliwa kwa sababu ni wageni. Serikali yenyewe ndiyo iliyouliza na ndiyo iliyotangaza.

Kiti cha treni ni dakika kumi. Nyumba ndiyo inayoumiza. Ongeza hapo kodi ya mwanzo, amana, kilemba cha mwenye nyumba ambacho hakirudi, na mdhamini ambaye wengi wanataka awe Mjapani.

#10 JogooLaNdondo
Asante mama. Nilisema mimi. Na hawana sheria yoyote ya kumlinda mgeni, mwenye duka anaweza kuandika "Wajapani tu" mlangoni na hakuna wa kumuuliza.

#11 Kasuku78
Tatizo lao ni historia. Nchi ile ilijifungia mpaka Wamarekani walipowapiga bomu 1945. Watu hawakumuona mgeni karne na karne, leo utegemee nini?

#12 MzeeWaMahale
Kasuku, tarehe zako zimeruka karibu miaka mia. Kufungwa kwa nchi kulikamilika miaka ya 1630, Wareno wakafukuzwa 1639. Meli za kivita za Kimarekani chini ya Perry zikafika 1853, mkataba ukatiwa saini 1854, na kuanzia 1868 walikuwa wanatuma vijana wao Ulaya kusoma na kuleta walimu wa Kizungu kwao. Tena hata wakati wa kufungwa palikuwa na tundu: Waholanzi walibanwa kwenye kisiwa cha Dejima pale Nagasaki tangu 1641, na Wachina nao walifanya biashara mji huo huo.

Jogoo nawe, hilo la "hakuna wa kumuuliza" si kweli. Mji wa Otaru, Hokkaido, bafu moja la maji moto liliweka kibao cha namna hiyo kwa sababu mabaharia wa Kirusi walikuwa wakiingia wamelewa. Wanaume watatu walioonja kukataliwa wakaenda mahakamani. Mmoja wao alikuwa ameshachukua uraia wa Japani, akaonyesha karatasi zake, bado akazuiwa kwa sababu ya sura. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo ikaamuru walipwe yeni milioni 1 kila mmoja. Kabla yake, 1999, mwanamke Mbrazili aliyefukuzwa kwenye duka la vito Hamamatsu alishinda pia.

Ila usiondoke mikono mitupu, nusu ya hoja yako inasimama. Sheria ya jumla ya kumwadhibu anayebagua hawana mpaka leo. Ile ya 2016 ya kupinga matamshi ya chuki haina adhabu ndani yake. Mji wa Kawasaki ndio uliojitungia kanuni yake yenye faini ya hadi yeni 500,000.

#13 Kasuku78
Sawa mzee, hizo tarehe nimezipokea. Lakini hoja iko pale pale, zaidi ya miaka mia mbili umejifungia, inabaki kwenye damu.

#14 FundiGereji
Damu haina kumbukumbu ya Dejima. Mwaka 1990 wageni walikuwa milioni moja na kidogo, mwisho wa 2024 wamefika kama milioni 3.77, karibu asilimia 3 ya watu wote. Wengi wao ni Wachina, Wavietnamu, Wakorea. Mwafrika ni adimu. Mjapani wa kawaida hajui aanzie wapi na wewe, kwa hiyo anasimama.

#15 MwanaMvita
Kwani yule samurai mweusi si alikuwa wa kwetu?

#16 Kasuku78
Yasuke! Mtanzania huyo, nimesoma sehemu.

#17 MzeeWaMahale
Hapana. Aliingia Japani 1579 na padri Mwitaliano Valignano, akawa mtumishi wa Oda Nobunaga, mtawala wa kivita, 1581 mpaka bwana wake alipokufa 1582. Maandishi ya baadaye yanamtaja kuwa wa Msumbiji. Utanzania wake haumo popote. Na kinachohusu uzi huu ni kwamba barua za mapadri zinasema Nobunaga alidhani ngozi yake imepakwa wino, akaamuru avuliwe nguo mpaka kiunoni na kusuguliwa. Alipoona rangi haitoki, akampenda, akampa nyumba na upanga.

#18 JogooLaNdondo
Yaani hata karne ya 16 walianza kwa kumsugua kwanza.

#19 Chege_Nyahururu
Wakuu wa TZ hamjambo. Mimi Mkenya, na huku kwetu Japani ni habari ya nyumbani, kwa sababu ya mbio. Vijana wetu wanachukuliwa wakiwa wadogo. Samuel Wanjiru alipelekwa shule ya Sendai Ikuei 2002 akiwa na miaka kumi na mitano, akajifunza lugha, akalelewa na makocha wa kule, na 2008 akatuletea dhahabu ya marathoni Beijing. Kabla yake Douglas Wakiihuri alifundishwa huko huko, akawa bingwa wa dunia 1987. Kwa hiyo msiseme Wajapani hawajui kumlea Mwafrika.

Lakini angalieni ekiden, zile mbio zao za barabarani za kupokezana kitambaa. Kwenye mashindano ya taifa ya shule za sekondari, mgeni ni mmoja tu kwa timu. Kuanzia 2008 wakazuia asikimbie kipande cha kwanza, kwa sababu Wakenya walikuwa wanaondoka na mashindano mapema. Kuanzia 2024 wamembakizia vipande vya kilomita 3 tu. Ukiwa mmoja na unapendeza, watakushangilia njia nzima na bendera ndogo. Ukianza kushinda kila mwaka, wanakupunguzia barabara.

#20 KipusaTanga
Chege, huo mfano una upande wa pili. Watoto wa shule wanafanya mazoezi miaka mitatu, halafu mashindano yanaamuliwa na mmoja aliyeletwa kwa ndege kutoka Iten. Wazazi walilalamika. Ingekuwa UMISSETA shule moja imeleta Mbrazili wa kupiga mpira, ungesemaje?

#21 Chege_Nyahururu
Ningesema acheze, vijana wetu wajifunze. Ikangaa, mkimbiaji wenu, alikwenda marathoni ya Fukuoka 1983, akapitwa na Mjapani Seko sekunde za mwisho kabisa, na Wajapani waliokuwa vijana wakati ule wanamtaja mpaka leo kwa sababu alimfanya Seko akimbie kweli.

#22 MzeeWaMahale
Hilo la Ikangaa nalithibitisha. Ukisema "Tanzania" kwa Mjapani wa umri wangu, anajibu Kilimanjaro, kahawa, halafu Ikangaa.

#23 Lubumbashi1
Bandugu, mimi ni Mkongo, niko Bruxelles, nilikaa Kobe kwanza. Huku Ubelgiji mtu anakaa karibu yako, bega kwa bega, halafu anashikilia mkoba wake kwa nguvu. Kobe hakuna aliyeshika mkoba. Nilikuwa naacha simu juu ya meza ya kahawa, naenda chooni, narudi naikuta. Mimi kati ya hayo mawili nachagua la Kobe. Kiti kitupu kinaniumiza kidogo, lakini mkoba ule unaniita mwizi.

#24 JogooLaNdondo
Zote mbili ni dharau, mwenzangu, unachagua fimbo ya kupigiwa.

#25 Lubumbashi1
Ni wewe unasema. Mimi nimepigwa na zote, nazijua uzito.

#26 BintiKariakoo
Naomba niwaulize. Kuna dada Mjapani alikuwa anajitolea kufundisha hesabu Iringa, tulikuwa tunakaa nyumba moja. Akishuka stendi, watoto na watu wazima: "Mchina! Mchina!" na vile visauti vya kuigiza lugha. Kondakta anamshika mkono kumvutia kwenye gari. Alikuwa analia jioni. Anasema alitamani siku moja tu apite bila mtu kumuona. Sisi tunaona ni utani, ni uchangamfu. Je, yeye akaandike huko kwao kwamba Watanzania ni wabaguzi?

#27 MwanaMvita
Aandike. Atakuwa na haki.

#28 FundiGereji
Hili la Binti ndilo zito kuliko yote humu. Sisi tunamvamia mgeni, wao wanampisha. Kwa Mjapani, kumuachia mtu nafasi ni adabu. Simu hawapokei ndani ya treni, mtoto akilia mama anawaomba radhi abiria wote. Kumpa mtu hewa yake ndiyo heshima aliyofundishwa.

#29 JogooLaNdondo
Fundi, kama ni adabu, mbona Mjapani mwenzake hampi hiyo hewa? Msukuma kasema behewa limejaa, watu wamebanana mlangoni, mabega yanagusana. Hewa anapewa Msukuma peke yake.

#30 Mama Hana
Jogoo leo umeuliza swali la maana mwanangu.

#31 MsukumaWaNagoya
Nimerudi wakuu, asanteni kwa michango. Nimemuuliza mwenzangu wa maabara, Mjapani, tunakula pamoja mchana. Nikamuuliza wazi: ungekuwa hunijui ungekaa? Akanyamaza muda, akaangalia bakuli lake. Akasema labda asingekaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anaogopa kwamba akikaa vibaya, au akigusa mguu wangu, mimi nitakasirika na yeye hatajua aseme nini. Nikamwambia mbona mimi na wewe tunagombea sosi kila siku? Akacheka, akasema wewe si mgeni tena.

Sijui hilo nilipokee vipi. Nimefurahi na nimeumia kwa pamoja.

#32 KipusaTanga
Ndiyo yale niliyosema #3. Hofu ya kukosea.

#33 JogooLaNdondo
Na ndiyo niliyosema #2. Hofu ya mtu mweusi kwamba atakasirika, imetoka wapi? Si kwenye filamu na televisheni? Mkesha wa mwaka mpya 2017 kituo kikubwa cha televisheni kilimpaka mchekeshaji maarufu rangi nyeusi usoni amuigize Eddie Murphy, nchi nzima ikacheka mezani.

#34 KipusaTanga
Nchi nzima hapana. Wapo Wajapani waliolalamika, na Mmarekani mweusi anayeandika safu kwenye gazeti la huko aliwajibu vizuri sana. Na kumbuka chuo kikuu cha Kyoto Seika kilimchagua Mmali, Oussouby Sacko, kuwa rais wake kuanzia 2018 hadi 2022. Walimpigia kura walimu na wafanyakazi wa chuo, Wajapani.

#35 Kasuku78
Mambo yanaharibika siku hizi lakini. Mmesahau Nagai?

#36 BintiKariakoo
Nagai ndiyo nini?

#37 MzeeWaMahale
Mji mdogo mkoa wa Yamagata. Ulikuwa mwenyeji wa timu ya Tanzania wakati wa Olimpiki ya Tokyo, wanatupenda siku nyingi. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, kule Yokohama, shirika lao la misaada la JICA likatangaza miji minne kuwa "nyumbani" kwa nchi nne za Afrika: Nagai kwa Tanzania, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana, Imabari kwa Msumbiji. Lengo ni kubadilishana wageni na utamaduni, basi. Taarifa ya upande wa Nigeria ikataja viza maalumu, na vyombo vya huku kwetu vikaandika kana kwamba Nagai tumepewa. Mitandaoni Japani ikawa moto: Waafrika wanahamia, mji umeuzwa. Simu zikamiminika manispaa mpaka wafanyakazi wakashindwa kazi nyingine. Serikali ikakanusha viza, haikusaidia. Tarehe 25 Septemba JICA ikafuta mpango wote.

Mwezi mmoja kabla ya mkutano huo, Julai, chama cha Sanseito kilichojinadi kwa kauli ya "Wajapani kwanza" kilipata viti 14 kwenye uchaguzi wa baraza la juu. Hali ya hewa ilikuwa imeshabadilika.

#38 Chege_Nyahururu
Na hao watu wa Nagai wenyewe walisemaje?

#39 MzeeWaMahale
Meya alisema hakuna mpango wa kupokea wahamiaji, ni urafiki tu. Simu nyingi zilitoka nje ya mji. Hilo ndilo lililonisikitisha, waliokuwa na hofu kubwa ni wale ambao hawakuwahi kumuona Mtanzania.

#40 MwanaMvita
Mama Hana, uko humu? Niliuliza siku nyingi nikakosa mtu wa kunijibu. Watoto waliochanganya damu wanaishije? Mimi nina mchumba huku.

#41 Mama Hana
Nipo. Hongera mwanangu.

Binti yangu yuko sekondari ya juu. Darasani hana shida, marafiki zake wanamganda. Shida ilikuwa nywele. Shule nyingi zilikuwa na kanuni: nywele nyeusi, zilizonyooka. Mwenye nywele za asili za kahawia au za kujikunja analeta cheti cha mzazi kwamba ndivyo alivyozaliwa. Osaka kuna msichana alilazimishwa kuzipaka rangi nyeusi mara kwa mara, akaishtaki serikali ya mkoa, 2021 mahakama ikaamuru alipwe yeni 330,000, lakini ikasema kanuni yenyewe ni halali. Shule za serikali za Tokyo zimefuta kanuni ya rangi ya nywele kuanzia Aprili 2022. Sisi tuko Chiba, ikabidi niende mwenyewe na picha zangu za utotoni Moshi, nimwonyeshe mwalimu mkuu kichwa cha mama, cha bibi na cha shangazi. Akazitazama zote, akainama, jambo likaisha.

Mwaka 2015 Ariana Miyamoto wa Nagasaki, baba yake Mmarekani mweusi, alipotwaa taji la mrembo wa Japani, wapo waliosema si Mjapani kamili. Binti yangu alikuwa mdogo, aliuliza kwa nini. Leo anawaona waliochanganya damu kama yeye, kina Rui Hachimura wa mpira wa kikapu na Naomi Osaka wa tenisi, kwenye matangazo ya biashara, haulizi tena. Mwenyewe anasema yeye ni wa Chiba.

#42 JogooLaNdondo
Mama, siku akiwa anatafuta nyumba, jina lake likiwa la Kijapani na sura ni ya Moshi, dalali atashusha sauti au hatashusha?

#43 Mama Hana
Anaweza kushusha. Sikudanganyi. Lakini yeye atamjibu kwa Kijapani cha kuzaliwa nacho, na mimi sikuwa na silaha hiyo.

#44 MsukumaWaNagoya
Samahani mama, kwa kuwa umegusa nyumba. Bweni la chuo natakiwa kutoka Machi. Madalali wawili wameshaniambia "wenye nyumba hawajazoea wageni". Mdhamini Mjapani sina, na profesa wangu naona aibu kumuomba.

#45 Mama Hana
Usimuombe profesa. Nenda ofisi ya UR hapo Nagoya, ni shirika la nyumba la umma. Hawadai kilemba, hawadai mdhamini, hawadai ada ya kuongeza mkataba. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi cha muda mrefu anapokelewa. Wanachoangalia ni kipato au akiba, kwa hiyo beba barua ya ufadhili wako na taarifa ya benki. Majengo yao mengi ni ya zamani na kodi si rahisi sana, lakini huambiwi hawajazoea.

#46 FundiGereji
Ukikosa UR, kuna kampuni za udhamini. Unalipa mwanzoni nusu ya kodi ya mwezi mpaka mwezi mzima, inategemea. Uliza kabla hujasaini kama kuna malipo ya kila mwaka, wengi hawaambiwi.

#47 MsukumaWaNagoya
Asanteni sana. Mama, hiyo barua ya ufadhili inatakiwa iwe kwa Kijapani au ya Kiingereza wanapokea?

#48 Mama Hana
Peleka ya Kijapani. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako wataitoa, omba wiki hii maana Machi watu wote wanahama.